Mbegu ya Kunguni

Miaka kumi na mmoja alikuwa amefanya kazi ya kuua wadudu, na miaka yote kumi na mmoja kunguni walimtia kichefuchefu kilekile cha siku ya kwanza. Watu humwambia mtu wa kazi chafu kwamba atazoea. Mchimba vyoo huzoea, mchinjaji huzoea, mwosha maiti naye huzoea. Yeye hakuzoea. Akiinua godoro na kuwakuta wamejipanga kwenye mshono, wanene kwa wembamba, wazee kwa watoto, na mayai yao meupe kama punje za mchele uliopondwa, mate yalimjaa kinywani, akalazimika kugeuza uso na kutema pembeni kabla ya kushika kazi. Harufu yao ndiyo iliyomshinda zaidi: utamu fulani uliooza, kama tunda lililosahauliwa chini ya kabati.

Wateja walimwita Mama Pampu, kwa ajili ya mtungi aliobeba mgongoni na fimbo ya kupulizia aliyoishika mkononi. Jina lilishika hata mumewe, fundi cherehani mwenye maneno machache, akaanza kumwita hivyo kwa utani, na baadaye bila utani.

Mwajiri wake aliitwa Bosi Safi, kwa sababu neno hilo, Safi, lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya bluu pande zote mbili za gari lake. Alikuwa mtu wa kunukia. Shati jeupe, kucha zilizokatwa sawasawa, leso mfukoni. Nyumba ya mteja hakuingia hata siku moja. Kazi aliyojiwekea yeye ni kuchanganya dawa, asubuhi, peke yake, mlango wa stoo umefungwa kwa ndani. Wapulizaji walikabidhiwa madumu yaliyokwisha kuchanganywa. "Kila mpishi ana siri ya jiko lake," alikuwa akisema, nao walicheka, maana bosi akitania hucheka hata mwenye jino bovu.

Siku mambo yalipoanza kuharibika, Mama Pampu alikuwa ametumwa kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja kwenye bweni la wanafunzi wa uuguzi. Lilikuwa jengo la ghorofa mbili, vyumba ishirini na vinne, kila chumba vitanda vya chuma vya juu na chini. Alikuwa akilipulizia bweni hilo tangu miaka mitatu nyuma. Mpulizaji akiitwa mara ya pili hujifariji kwamba ni mayai yameanguliwa. Akiitwa mara ya tatu, huanza kutazama vidole vya miguu yake anapobisha hodi.

Mlangoni alimkuta mlezi wa bweni. Huyu alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mrefu, mkavu kama mpini wa ufagio, aliyefundisha biolojia miaka thelathini na mmoja kabla hajapewa funguo za bweni. Kila mtu alimwita Mwalimu. Mkononi alishika chupa ya jemu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tazama hapa."

Ndani ya chupa kulikuwa na karatasi iliyokunjwakunjwa, na juu ya karatasi kunguni wakitembea bila haraka, matumbo yamewajaa hadi yamekuwa meusi.

"Nimewatoa kwenye kitanda kimoja," Mwalimu akasema. "Kitanda ulichokipulizia wewe, juzi, mbele ya macho yangu. Sasa nakuuliza, na usinijibu kwa kiapo. Ile ni dawa, au umekuja kutumwagilia maua?"

Mama Pampu alihisi uso ukimuwaka. "Mwalimu, mimi nina watoto. Siwezi kuwalisha kwa uongo."

"Nimekuambia usiape. Njoo juu."

Kwenye chumba cha mwisho cha ghorofa ya pili alikaa binti mmoja aliyevaa mikono mirefu, na joto lote lile. Mwalimu akamwambia amwonyeshe mgeni. Binti akapandisha mkono wa gauni. Kuanzia kiwiko hadi kwapani palikuwa na mistari ya malengelenge, matatu matatu, manne manne, mengine yamekunwa hadi yametoa majimaji.

"Si haya yanayouma, mama," binti akasema. "Jana wodini nilikuwa nampima mgonjwa presha, mgonjwa akanionyesha kwa kidole kunguni kwenye kola yangu. Sista akamtoa kwa kibanio, akamweka kwenye kisahani, akawaita wenzangu wote waje wamwone. Halafu akaniambia nirudi nikaoge. Nilikuwa nimeoga. Nilikuwa nimeoga mara mbili."

Mama Pampu akavaa glavu, akainua godoro la binti, akachana mshono wa pembeni kwa wembe. Waliporomoka. Walitoka kama maharage yanavyotoka kwenye gunia lililotoboka, wengine wakakimbilia kivuli, wengine wakabaki wanazubaa kwa shibe, na chini yao godoro lilikuwa limechafuka madoa meusi ya mavi yao, ambayo ni damu ya yule binti iliyokwisha kusagwa. Alitema dirishani. Alitema tena.

"Sasa tufanye jambo la darasani," Mwalimu akasema. Akahesabu kunguni ishirini kwa kibanio, akawaweka kwenye kisahani cha kioo. "Pulizia. Usiwahurumie."

Mama Pampu akapulizia hadi kisahani kikalowa. Wakashuka jikoni, wakangoja saa moja nzima kwa saa ya ukutani. Walipopanda tena, kumi na tisa walikuwa wakitembea.

"Mmoja amekufa," Mwalimu akasema. "Na huyo nadhani nilimbana vibaya."

Mama Pampu alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kisha akakumbuka amekaa wapi, akaruka kama aliyeketi juu ya jiko. "Wamezoea dawa," akasema. "Hata sisi kazini husema hivyo. Wakipigwa sana, wanazoea."

"Wewe una miaka mingapi na kunguni? Umewazoea?"

"Hata kidogo."

"Na wao hawajakuzoea. Sikiliza, maana hili nimelirudia darasani mpaka ulimi ukaota sugu. Zamani kulikuwa na Mfaransa mmoja, msomi kwelikweli, aliyewaza kama wewe. Alisema kiumbe hujitahidi: anajinyoosha shingo, shingo inarefuka, na watoto wake wanairithi. Ingekuwa kweli, watoto wa vinyozi wangezaliwa wamenyolewa. Baadaye wakaja Waingereza wawili. Darwin alikuwa na wazo lake, amelificha kwenye droo miaka karibu ishirini akiogopa midomo ya watu. Mwenzake Wallace alikuwa akikusanya ndege na vipepeo visiwani ili auze, akashikwa na homa, na katika homa ile likamjia wazo lilelile. Na wazo lenyewe ni jepesi hadi linaudhi. Watoto wa mama mmoja hawalingani. Baadhi ya tofauti zao hurithiwa. Wanaozaliwa ni wengi kuliko watakaopona. Atakayepona, anapona na tofauti yake, na ndiye atakayezaa. Basi. Rudia hivyo kizazi baada ya kizazi, na kiumbe uliyeanza naye humtambui tena."

"Sasa hawa?"

"Hawa hakuna aliyejitahidi. Zamani hizo, kwenye godoro hili, alikuwepo mmoja aliyezaliwa na ngozi nene kidogo, au tumbo linalovunja sumu upesi kidogo. Ukaja na pampu. Wenzake wakafa, yeye akaugua akapona. Jike huyu hutaga hata mayai mia mbili au mia tatu maishani mwake. Ukarudi na pampu yako ukawafyeka wale dhaifu kati ya wanawe, ukambakizia wale wagumu, nafasi tele, damu tele." Mwalimu akakiweka kibanio kando. "Unajua Darwin alikwenda kujifunza kwa nani? Kwa wafuga njiwa. Alikaa nao, akafuga na yeye. Mfugaji humchagua mwenye mkia mpana, humzalisha huyo, wengine huishia chunguni, na baada ya miaka ana njiwa wenye mikia kama feni. Wafugaji huchagua kwa jicho. Wewe umechagua kwa pampu."

"Mimi si mfuga kunguni!"

"Hukujua, hilo nalikubali. Lakini kufuga umefuga."

Mama Pampu aliomba maji ya kunywa, akayashika, hakuyanywa. Mwalimu, ambaye hakuwa na habari na tumbo la mtu, alikuwa amekwisha kuchukua kioo cha kukuzia na kumpindua jike mmoja kwa ncha ya sindano. "Ona hapa tumboni, hili kovu. Dume la kunguni halina adabu ya kutafuta mlango. Humtoboa jike tumbo kwa kitu kama mkuki, akammwagia mbegu humohumo ndani. Wanafunzi walikuwa wakiniuliza kama asili ni nzuri. Nikawaambia haina uzuri wala ubaya, haina aibu tu."

"Mwalimu, tafadhali."

"Haya, naacha. Lakini nijibu jambo moja. Dawa yenyewe nani anaichanganya, na kwa kipimo gani? Maana ukitaka kumfuga kunguni mgumu, njia ya mkato ni kumpa sumu nusunusu. Inaua wanyonge, inawaacha wenye nguvu, na wenye nguvu wanaoana wao kwa wao."

Mama Pampu alitaka kumtetea bosi wake, lakini kwa lipi? Hakuwahi kuiona dawa ikichanganywa.

Alirudi nyumbani mchana huo akakuta duka la mumewe limefungwa nusu mlango. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu. Mumewe alikuwa amesimama katikati, na sakafuni palikuwa na suti nyeusi imetupwa kama mzoga.

"Bwana harusi alikuwa anajaribu," mumewe akasema. "Akajitazama kwenye kioo, akafurahi. Kisha akamwona mmoja anapanda kwenye ukosi. Ameivua hapahapa, ametoka na fulana, amepita barabarani na fulana akinitaja kwa sauti."

"Nitasema na yeye."

"Utamwambia nini? Huyu mdudu hakuja kwa miguu yake." Hakupandisha sauti. Hakuwahi kupandisha sauti, na siku hiyo mkewe alitamani angepandisha. "Umetuletea, Mama Pampu. Nimetazama na kitandani kwetu. Wapo."

Alikwenda kuona mwenyewe. Walikuwepo, kwenye kona ya ubao wa kichwani, familia nzima, na alipombana mmoja kwa kucha, damu iliyotoka ilikuwa ama yake ama ya mume wake. Akatapika kwenye beseni. Alipotulia, akaleta dawa ya dumu, akapulizia ile suti, wakatoka kwenye pindo mmoja mmoja, wakatembea juu ya kitambaa kilicholowa. Kwa hasira akaitumbukiza suti kwenye sufuria kubwa ya maji yaliyokuwa yakichemka jikoni. Suti iliharibika kabisa, bega likapinda, bitana ikatoa rangi. Lakini kunguni walielea juu, wote, wamekunja miguu.

Asubuhi yake aliwahi kazini kuliko wote. Mlango wa stoo, kwa mara ya kwanza tangu aujue, ulikuwa wazi: Bosi Safi alikuwa ametoka kwenda kuongea na simu upande wa barabarani. Mama Pampu akaingia. Madumu tisa ya lita ishirini yamepangwa, mpira wa maji umetiwa kwenye la mwisho na unamwaga. Kwenye rafu palikuwa na chupa moja ya dawa, tupu, bado inadondosha. Aliiinua akasoma maandishi yake madogo kwa kidole, herufi kwa herufi. Chupa moja kwa maji lita ishirini. Akatafuta chupa nyingine nane chini ya rafu, nyuma ya mlango, ndani ya pipa la taka. Hazikuwepo.

"Umeingiaje humu?" Bosi Safi alikuwa amesimama mlangoni, manukato yake yametangulia.

"Mlango ulikuwa wazi. Bosi, hapa wameandika chupa moja kwa dumu moja. Madumu ni tisa."

"Wadudu hawasomi maandishi, mama yangu."

"Hawasomi. Na hawafi."

"Wanakufa kiasi." Alitabasamu, akaenda kufunga bomba. "Kaa nikufundishe, maana wewe ni mtu wa mkono, hujawahi kufikiria. Mkulima akivuna, anakula yote? Huacha mbegu. Ukiua kunguni wote wa mji huu leo, kesho utapulizia nini? Lazima uache mbegu. Miaka kumi na mmoja umekula kwa mbegu hiyo, wewe na watoto wako, na hujawahi kulalamika kwamba ina harufu."

Mama Pampu alimtazama. Alitazama zile kucha, ule ukosi mweupe, ile leso. Akamkumbuka binti wa bwenini anavyoshusha mkono wa gauni. Akamkumbuka mzee fundi saa, mgane, aliyempulizia mara tisa, na kila mara mzee anamchemshia chai na kumshukuru. Akakumbuka nyumba ya mama mwenye pacha wachanga. Kile kichefuchefu alichokijua kwa kunguni tu kikampanda kwa mtu aliyeoga, na kilikuwa kibaya zaidi. Alitafuta tusi la kumpa, hakulipata, maana matusi yote yaliyomjia yalikuwa ya wadudu, na mdudu angalau hajui anachofanya.

"Nipe chupa nzima," akasema. "Moja, yenye kifuniko chake. Nikapulizie bweni kwa kipimo."

"Na nisipokupa?"

"Nitasimama hapo nje na kusubiri wenzangu, niwasomee hii iliyoandikwa hapa. Wao wana sauti kubwa kuliko yangu."

Bosi Safi akacheka, akafungua kabati, akamrushia chupa. "Chukua. Na ukimaliza kunguni wako, usirudi hapa kuomba kazi."

Alikwenda moja kwa moja bwenini. Akachanganya mwenyewe, mbele ya bomba la uani, akapima maji kwa ndoo. Akapulizia vyumba vyote ishirini na vinne, mishono, mabomba ya vitanda, nyufa, nyuma ya swichi za taa. Alitoka akiwa amelowa jasho, na moyoni amefurahi kidogo, kama mtu aliyelipiza. Alijiambia: sasa mtakufa, na yule fisadi nitamsema kwa kila mtu, na mimi nitakuwa nimetoka safi.

Siku ya pili Mwalimu alimpokea na kisahani. Ishirini walikuwa wamewekwa, wameokotwa kwenye vitanda alivyopulizia. Wanne walikuwa chali. Kumi na sita walitembea.

"Hii ni dawa nyingine?" Mwalimu akauliza. "Leo angalau wamekufa wanne."

Mama Pampu alikitazama kisahani hadi wale wadudu wakawa madoa tu machoni. Ndipo ilipomwingia sawasawa. Miaka mitatu. Kunguni kwenye joto la bweni hili humaliza mwezi mmoja na nusu tu, na yai limekwisha kuwa mama. Vizazi zaidi ya ishirini, na kila kizazi yeye ndiye aliyekuja na kuwachuja, kwa uangalifu, bila kuruka mshono, kama mama anavyopepeta mchele. Bosi Safi alikuwa hajamgusa kunguni hata mmoja. Mkono uliofanya kazi ulikuwa huu wake. Hata kama angewapa sasa sumu kwa kipimo chake kamili, alikuwa amekwisha kuwaandaa kwa ajili yake.

Angeweza kunyamaza. Mwalimu hakujua. Akasema.

Alisimulia yote: stoo, chupa moja, madumu tisa, maneno ya mbegu, hata suti ya bwana harusi aliyoichemsha. Alisimulia amesimama, mikono imening'inia. Mwalimu alimsikiliza bila kumkatiza, na uso wake ulikuwa ukibadilika taratibu, hadi Mama Pampu akaona kwenye uso ule jambo aliloliogopa: yule mama aliyewapindua kunguni kwa sindano bila kukunja pua alikuwa sasa amekunja pua, na alikuwa akimtazama yeye.

"Miaka mitatu," Mwalimu akasema. "Wasichana wangu mia moja na kitu. Na hukuwahi hata mara moja kuuliza kilichomo ndani ya dumu?"

"Sikuuliza."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nataka kumaliza niondoke. Nawachukia. Nilikuwa sitaki kuwatazama zaidi ya inavyolazimu."

Mwalimu akageuka dirishani. "Toka," akasema. Mama Pampu akachukua pampu yake. Alikuwa amefika ngazi ya tatu aliposikia sauti juu yake. "Wewe! Hiyo pampu iache hapo ukutani. Umesema wale wa kwenye suti walikuwaje kwenye maji ya moto?"

"Waliisha. Wote."

"Bila shaka waliisha. Yai, mtoto na mzee, joto hilo halibagui. Sijawahi kusikia kunguni aliyerithi ngozi ya kuhimili maji yanayochemka. Wiki ijayo wasichana wana likizo. Uje na mapipa, na uje na nguvu. Usitarajie nikusemeshe vizuri."

Na kweli hakumsemesha vizuri. Wiki nzima walifanya kazi, Mama Pampu, Mwalimu na wasichana saba waliokataa kwenda likizo, yule mwenye mikono mirefu akiwa wa kwanza kuamka. Waliwasha moto uani chini ya mapipa matatu. Kila nguo, kila shuka, kila pazia lilipita kwenye maji yanayotokota. Magodoro walichana mojamoja, yaliyooza wakayachoma moto, na moshi wake ulikuwa na ule utamu uliooza, ukawaingia kwenye nywele na kwenye chakula, hakuna aliyemaliza sahani yake kwa siku mbili. Vitanda vilikuwa vya mabomba yenye uwazi ndani. Walivisimamisha wima, wakamimina maji ya moto kwa birika kutoka juu, na chini yakatoka maji mekundu meusi, mazito, yamebeba maganda, mayai na wadudu kwa mamia, yakatambaa kwenye saruji hadi kwenye mfereji. Msichana mmoja alizimia. Wenzake wakambeba, wakarudi kumalizia kitanda chake.

"Damu yetu yote hiyo," yule binti akasema, akitazama mfereji. "Tungeitoa hospitalini tungeokoa watu."

Hakuna aliyecheka, kisha wote wakacheka, hata Mwalimu.

Hawakuwamaliza kwa mara moja. Baada ya mwezi wakaonekana watatu kwenye chumba cha saba, wakachemsha tena chumba cha saba na majirani zake. Baada ya mwezi mwingine hakuonekana yeyote. Mwalimu aliendelea kukagua kila Jumamosi na kioo chake cha kukuzia. Bodi ya bweni ilivunja mkataba na Bosi Safi. Yeye alibadili rangi ya madumu kutoka nyeupe kuwa kijani, akaandika kwenye gari lake Dawa Mpya, na kwa habari alizozipata Mama Pampu hakukosa wateja hata wiki moja. Wapulizaji wenzake walisikia habari ya chupa moja. Wawili waliacha kazi. Wengine walisema kila mpishi ana siri ya jiko lake.

Nyumbani, mumewe alichemsha kila kipande cha kitambaa kilichoweza kuchemshwa na kutupa kisichoweza. Ilimchukua muda kurudi kulala chumba kimoja na mkewe, na aliporudi hakusema kwa nini amerudi.

Lililobaki ni wale wengine. Mama Pampu alikaa na daftari la shule la mtoto wake, akaandika nyumba zote alizokumbuka kuzipulizia. Zilifika arobaini na moja. Akaanza kuzipitia kwa miguu, moja baada ya nyingine, bila pampu. Jirani zake walimwambia ana wazimu: nani huenda kubisha hodi kwa watu kuwaambia mimi ndiye niliyewaharibia? Alijua tu kwamba akikaa bure, anahisi wanamtambaa mwilini.

Nyumba ya kwanza walimfukuza. Ya pili hawakuelewa, wakadhani anauza kitu. Ya tatu, yule mama wa pacha alimsikiliza hadi mwisho huku amempakata mtoto mwenye vidonda shingoni, kisha akamtemea mate miguuni na kufunga mlango. Mama Pampu hakuondoka. Aliona yule mama ana haki. Akasema kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa, namna ya kuchemsha nguo na kitanda, hatua kwa hatua, akarudia mara mbili, akaondoka bila kujua kama kuna aliyesikiliza.

Ya nne ilikuwa ya mzee fundi saa. Alimkuta kwenye kibaraza chake, kioo kimoja jichoni, ameinamia saa iliyofunguliwa. Mzee alimwona akaanza kuinuka kwa furaha kuelekea jikoni.

"Usiinuke, baba. Nisikilize kwanza."

Akamweleza. Alimaliza, mzee akavua kile kioo, akakifuta kwa shati, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa hiyo mara zote tisa," mzee akasema, "ulikuwa unanifugia."

"Ndiyo, baba."

"Kitandani kwangu. Na kitanda kile marehemu mke wangu ndiye aliyekichagua."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nikikuchemshia chai."

Mama Pampu aliitikia kwa kichwa.

Mzee akakusanya vipande vya saa ndani ya kisahani, akakifunika ili vumbi lisiingie. Akasogea kando, njia ya mlango ikawa wazi.

"Ingia," akasema. "Maji ya kuchemsha yapo kwenye pipa. Lakini leo chai sikupi."

Akaingia. Walifanya kazi hadi alasiri, yeye na mzee, na kweli chai hakupewa.